Je, Wajua? Upinde wa Mkole

Mti wa yew, unaosifiwa Ulaya kwa pinde, hauoti Kibaigwa, Tanzania ya kati. Lakini vichaka vya nchi kavu ya huko vina mkole, ule ule ambao watoto huchuma matunda yake madogo matamu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huchonga baadhi ya pinde zao kwa aina mojawapo ya mkole, ambayo wataalamu wa mimea huiita *Grewia bicolor*.

Upinde ukivutwa, upande wa nje hunyooshwa na upande wa ndani, unaomtazama mpigaji, hubanwa. Mbao nyingi huvunjika hapo. Yew ina bahati ya kuzaliwa na tabaka mbili: ubao mweupe wa nje hustahimili kunyooshwa, na kiini chekundu hustahimili kubanwa. Ndiyo maana meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, iliyozama 1545 na kuopolewa 1982, ilikutwa na pinde za yew zaidi ya 130.

Mkole hupita njia nyingine. Fundi huchagua ufito mwembamba ulionyooka na kuuchonga kidogo tu, hivyo nyuzi za mti hubaki ndefu, hazikatwikatwi. Upote hutengenezwa kwa kano za wanyama. Upinde huo ni mgumu mno kuvuta; hata mtu mwenye nguvu asiyeuzoea hutaabika. Ustadi huo unastahili heshima ile ile wanayopewa mafundi wa Ulaya, na fito za mkole bado zinaota porini.