Kutangulia si kufika

Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo ambao wengi wetu huupita haraka kwenye televisheni tukitafuta mpira wa miguu. Nao ni mbio za baiskeli za siku nyingi, hasa zile kubwa kuliko zote, Tour de France, yaani Mzunguko wa Ufaransa.

Nakiri mapema kwamba mimi si mwendesha baiskeli. Aliyenitia katika mchezo huu ni mpwa wangu, kijana anayeuza madafu kwa baiskeli hapa Dar es Salaam. Alfajiri huchukua mzigo wake Mbagala, akaja nao mjini, na jioni hurudi na baiskeli tupu. Hatembei peke yake. Wako watatu, na mmoja wao ni mzee wa makamo mwenye goti bovu. Mara nyingi nilikuwa nikimwambia mpwa wangu: "Mwanangu, achana na yule mzee. Anakuchelewesha. Wenzako wanawahi wateja, nyie mnasubiriana njiani." Yeye hucheka tu.

Basi, Jumamosi ya tarehe 29 Juni 2024 alinikuta nyumbani, akaniamkia, akafungua simu yake. Ilikuwa siku ya kwanza ya mbio za mwaka ule, kutoka Florence hadi Rimini, huko Italia, kilometa 206 katika joto kali na vilima vingi. Simu ilikuwa ikimwonyesha Mwingereza mmoja, Mark Cavendish, mwenye umri wa miaka 39, ameachwa nyuma kabisa, anatapika juu ya baiskeli. Wenzake kadhaa wa timu moja walikuwa wamepunguza mwendo kumsindikiza.

Nikasema: "Huyu amekwisha. Na hawa wanaomngoja wana akili kweli?"

Mpwa wangu akanijibu: "Mjomba, subiri. Mchezo huu hujaujua."

Alikuwa na haki. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, niruhusu nikueleze yale niliyojifunza kwa majuma matatu yaliyofuata.

Kwanza, mbio hizi ni nini? Ni mashindano ya hatua 21 kwa siku 23, pamoja na siku mbili za kupumzika. Jumla ya safari ni kiasi cha kilometa 3,400, pengine zaidi, pengine pungufu, kwa kuwa njia hubadilishwa kila mwaka. Kila hatua ni mbio kamili za siku moja, zina mshindi wake na zawadi yake. Zipo hatua za tambarare, zipo za milima ya Alps na Pyrenees, na zipo zile ambazo kila mtu hutoka peke yake kushindana na saa.

Inafaa wasomaji wa magazeti wajue kwamba mbio hizi zilizaliwa gazetini. Mwaka 1903 gazeti la michezo la L'Auto, chini ya mhariri wake Henri Desgrange, lilikuwa likipambana na gazeti pinzani la Le Vélo. Likatafuta jambo la kuwafanya watu wanunue gazeti kila siku kujua nini kimetokea jana. Likaanzisha mbio za kuizunguka Ufaransa kwa hatua sita. Walianza watu 60, wakamaliza 21, na mshindi alikuwa Maurice Garin. L'Auto likauzika, na mwaka uliofuata Le Vélo likafungwa. Tangu mwaka 1919 anayeongoza huvaa jezi ya njano, nayo njano ndiyo iliyokuwa rangi ya karatasi za gazeti lile.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo mtazamaji mgeni anapopotea. Ukiuliza, "Nani ameshinda leo?" umeuliza swali moja tu, tena dogo. Swali kubwa ni hili: nani ametumia muda mfupi zaidi ukijumlisha siku zote? Muda wa kila siku huongezwa juu ya wa jana, haba na haba, hadi siku ya mwisho. Wanaofika pamoja kundini huandikiwa muda ule ule. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa wa hamsini leo na asipoteze hata sekunde moja.

Chukua mfano wa Chris Froome. Huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mbio kwa Mkenya David Kinjah, huko Kikuyu nje ya jiji, akaiwakilisha Kenya kabla ya kuhamia upande wa Uingereza. Ameshinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka ule wa 2017 hakushinda hatua hata moja katika zote 21! Lakini alipojumlishiwa muda, alikuwa mbele ya Rigoberto Urán wa Kolombia kwa sekunde 54.

Na sekunde hizo si chache. Mwaka 1989 Mfaransa Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho akiwa na sekunde 50 mkononi. Zilibaki kilometa 24 na nusu tu hadi katikati ya Paris, kila mtu peke yake na saa. Mmarekani Greg LeMond akazifuta zote hamsini, akaongeza nane juu yake. Majuma matatu ya jasho yakaamuliwa na sekunde nane, muda wa mtu kufungua mlango na kuufunga. Kweli Waswahili hawakukosea: kutangulia si kufika.

Tena ndani ya mbio hizi mna mashindano mengine. Jezi ya kijani ni ya pointi, na aghalabu huchukuliwa na wenye kasi kubwa mita mia chache za mwisho. Jezi nyeupe yenye madoadoa mekundu ni ya mfalme wa milima. Jezi nyeupe tupu ni ya kijana anayeongoza kwa muda. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea aliivaa ile ya madoadoa kwa siku kadhaa. Mwaka 2024 Mweritrea mwenzake, Biniam Girmay, alishinda hatua ya tatu mjini Turin, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Hakutosheka. Alishinda tatu kwa jumla, na akamaliza mbio akiwa na jezi ya kijani. Siku ile ya Turin mpwa wangu alinipigia simu akipiga kelele hata sikumwelewa.

Sasa, ndugu msikilizaji, tufike kwenye kiini. Kwa nini mtu aendeshe baiskeli majuma matatu huku akijua kabisa kwamba hatashinda? Jibu ni upepo. Mwenye kwenda mbele hupasua hewa kwa kifua chake. Anayemfuata karibu, gurudumu kwa gurudumu, hupunguziwa kazi kwa kiasi cha theluthi hivi, na ndani ya kundi kubwa hupunguziwa zaidi. Hili mpwa wangu hakuhitaji kufundishwa na Mzungu. Mwezi Julai kusi huvuma, na jioni wao wakirudi Mbagala huwapiga usoni njia nzima. Basi hupanga mstari mmoja, wakapokezana kuongoza. Mzee wa goti hawekwi mbele.

Huko Ufaransa kila timu ina watu wanane, na mara nyingi mmoja au wawili tu ndio wanaopiganiwa. Waliobaki ni wasaidizi. Wafaransa huwaita kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Hukaa mbele kumkinga kiongozi na upepo, hurudi kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji za wenzao, na kiongozi akipata pancha humpa gurudumu lao, pengine baiskeli nzima. Wakichoka kabisa huachwa nyuma, na kamera haiwafuati. Mshindi wa Tour de France hupewa euro 500,000, lakini kwa desturi ya mchezo huu fedha hizo hugawiwa wenzake wa timu. Mwenyewe anajua hakufika peke yake.

Froome huyo huyo alianzia huko. Mwaka 2012 alikuwa msaidizi wa Bradley Wiggins. Siku moja mlimani, njiani kwenda La Toussuire, alichomoka mbele na kiongozi wake akashindwa kumfuata. Akaambiwa kwenye redio ya sikioni asubiri. Akasubiri. Wiggins akashinda mbio, Froome akawa wa pili. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yake.

Ipo na sheria moja ambayo ndiyo iliyonifunga mdomo siku ile ya Florence. Kila hatua ina muda wa kikomo, unaohesabiwa kwa asilimia ya muda wa mshindi. Ukivuka mstari baada ya muda huo, umetolewa, kesho huanzi. Kwa hiyo nyuma kabisa, wakati sisi tunatazama wa mbele, kuna mbio nyingine. Wale wazito, wenye kasi ya tambarare lakini milima huwashinda, hukusanyika kundi moja wakasaidiana kupiga hesabu ya dakika. Nyuma yao hufuata gari la fagio, la kuwachukua walioshindwa.

Cavendish alikuwa katika mbio hizo za nyuma. Alikuwa ameshinda hatua 34, sawa na rekodi ya Eddy Merckx wa Ubelgiji, ambaye ushindi wake wa mwisho ulikuwa mwaka 1975. Mwaka 2023 alitaka moja zaidi kisha astaafu, akaanguka akavunjika mtulinga. Akarudi mwaka uliofuata kujaribu tena. Sasa siku ya kwanza tu, anatapika. Kama wenzake wangemwacha, hadithi ingeishia pale. Hawakumwacha. Walivuka mstari zaidi ya nusu saa nyuma ya mshindi, lakini ndani ya kikomo. Siku nne baadaye, tarehe 3 Julai, katika hatua ya tano iliyoishia Saint-Vulbas, Cavendish alishinda. Hatua ya 35! Rekodi ikawa yake peke yake.

Mbio zilipokwisha Nice, mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, naye alistahili. Lakini mimi nilisoma orodha kuanzia chini. Walimaliza watu 141. Wa 140 alikuwa Cavendish. Wa mwisho kabisa, ambaye kwa desturi huitwa taa nyekundu, kama ile ya behewa la mwisho la treni, alikuwa Davide Ballerini wa Italia. Timu yake? Ile ile ya Cavendish.

Kabla sijaaga, nitoe tahadhari mbili kwa atakayeupenda mchezo huu. Ya kwanza, usiwe shabiki kipofu. Lance Armstrong wa Marekani alihesabiwa ushindi wa mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005, na mwaka 2012 akanyang'anywa wote kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Miaka hiyo saba imeachwa bila mshindi. Penda mchezo, lakini usiwaonee haya wanaouliza maswali. Ya pili, ukisimama kando ya barabara, kumbuka kwamba hakuna uzio wala tiketi, na heshima yako ndiyo ukuta. Mwaka 2021, siku ya kwanza ya mbio, mtazamaji mmoja alinyoosha bango barabarani ili aonekane kwenye kamera. Mwendeshaji akaligonga, na makumi ya wenzake wakaanguka. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali ili kusimama barabarani hapo. Tour du Rwanda hupita vilima vya Rwanda kila mwaka mwezi Februari, na Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya barabarani, kwa mara ya kwanza katika Afrika.

Nilimwuliza mpwa wangu baadaye: yule mzee mnapata nini kwake? Akanieleza kwamba mzee ndiye aliyemwonyesha wateja wake wa kwanza mjini, na ndiye aliyemkopesha mtaji wa mzigo siku alipoibiwa. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa nikimhesabu kwa goti lake tu.

Ushauri wangu niliufuta. Jioni zile za kusi, wakipita karibu na kwangu, huwa natoka kibarazani kuwaangalia: kijana mbele, kijana wa pili, na mzee nyuma yao, kichwa chini, upepo haumpati. Huwapungia wote watatu, nikianza na wa mwisho.

Kwaherini hadi juma lijalo.