Bampa la Pikipiki Linalinda Nini?

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Mazimbu, pikipiki isiyo na bampa huioni mara nyingi. Iwe Boxer, iwe TVS, iwe Haojue, utakuta chuma kilichokunjwa kimefungwa mbele ya injini, kimetokeza kulia na kushoto usawa wa miguu ya dereva. Mabampa mengine yalikuja na pikipiki kutoka dukani, mengine yamenunuliwa kwenye maduka ya spea mjini Morogoro, na mengine yamekunjwa na kuchomelewa na fundi wa mtaani aliyepima kwa macho. Jirani na vijiwe hivyo iko Kampasi ya Solomon Mahlangu, majengo ambayo ANC ya Afrika Kusini ilianza kuyajenga mwaka 1978 kwenye shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, kisha ikayakabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Leo humo ndani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinawaandaa walimu wa fizikia. Natamani waulizwe swali hili kwenye mitihani yao: bampa linalinda nini, na kwa mwendo gani?

Ukimuuliza dereva, jibu lake ni la haraka: linalinda mguu. Fundi atakwambia linalinda injini. Ushahidi uliopo unamuunga mkono fundi zaidi.

Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alitoa ripoti ambayo hadi leo wataalamu wa ajali za pikipiki wanairejea. Timu yake ilikuwa imechunguza ajali 900 za eneo la Los Angeles, ikizifuata palepale zilipotokea, ikipima alama za barabarani na kulinganisha na majeraha ya waathirika. Kuhusu mabampa, matokeo hayakumfurahisha muuzaji yeyote. Waliokuwa nayo waliumia kidogo zaidi kwenye wayo na kifundo cha mguu, lakini wakaumia zaidi kwenye muundi, gotini na pajani. Faida ikafutwa na hasara. Pikipiki za Los Angeles za wakati ule zilikuwa kubwa kuliko hizi zetu, ila kanuni haibadiliki: pikipiki ikisimama ghafla, mwili wa dereva unaendelea mbele kwa mwendo uleule, na kitu kigumu kilicho karibu zaidi na goti lake ni bampa lenyewe.

Hapa hesabu inasaidia. Pikipiki ya kilo 120 ikilala ubavu ikiwa imesimama, kitovu cha uzito wake kinashuka kama sentimita 30, na nishati inayotakiwa kumezwa ni juli 350 hivi. Bampa la kawaida linazimudu bila kupinda sana. Sasa mpandishe dereva na abiria, jumla kilo 250, waende kilomita 30 kwa saa. Nishati inafika juli 8,700, kiasi kilekile ambacho wangekuwa nacho kama wangeangushwa kutoka urefu wa mita tatu na nusu. Wakifika kilomita 60, mwendo wa kawaida kabisa kwenye lami ya kwenda Dodoma, nishati haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne, juli 34,700, na urefu wa kuanguka unakuwa mita 14. Hakuna bomba la chuma unaloweza kulifunga kwenye Boxer likameza nishati hiyo na kumwachia dereva mguu mzima.

Nishati hiyo basi iende wapi? Pikipiki ikilala kwenye lami na kuteleza, msuguano unaipunguza polepole, mita kwa mita. Juli 8,700 zikimalizwa ndani ya mita 9 za kuteleza, kani ya wastani inakuwa sehemu moja ya 30 ya ile ambayo ingepatikana kama pikipiki ingesimama ndani ya sentimita 30. Kazi kubwa ya bampa kwenye lami, kwa hiyo, ni kuiruhusu pikipiki iteleze bila kunasa popote. Ncha zake ziwe za mviringo. Bolti zisitokeze nje. Lisiwe pana kuliko usukani, kwa sababu bampa pana hunasa kwenye kingo za mtaro au kwenye bampa la mwenzako mkiwa mnapishana foleni ya Msamvu. Yale mapambo ya ncha zilizochongoka ambayo baadhi ya vijana huyachomelea ili pikipiki ionekane kali, ningeyapiga marufuku leo kama ningekuwa na mamlaka.

Tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu wengi hudhani bampa zito ndilo imara, na fundi akiwaonyesha nondo ya milimita 16 wanaridhika. Linganisha nondo hiyo na bomba la kipenyo cha nje cha milimita 25 lenye ukuta wa milimita 2, tuseme chuma ni cha aina moja. Bomba lina uzito pungufu kwa zaidi ya robo. Lakini ukilipinda, ukaidi wake ni mara tatu ya nondo, na mzigo linaoweza kuubeba kabla halijapinda moja kwa moja ni karibu mara mbili. Sababu ni kwamba chuma kilicho katikati ya nondo hakifanyi kazi kubwa inapopindwa. Kinachofanya kazi ni kile cha pembeni, mbali na katikati. Bomba limepeleka chuma chake chote pembeni. Ukiwa dukani shika ncha ya bampa, angalia unene wa ukuta kwenye tundu la mwisho kama halijazibwa, gonga usikie. Ukuta wa milimita moja utabonyea kama kopo la maziwa ukigonga jiwe.

Wala usitafute bampa lisilopinda kabisa. Linatakiwa lianze kupinda kabla chesesi haijaanza, kwa kuwa bampa hununuliwa jingine, ilhali chesesi iliyopinda huifanya pikipiki ivute upande mmoja maisha yake yote.

Mafundi wetu hupenda bomba la maji lenye zinki kwa sababu halishiki kutu. Ni wazo zuri lenye hatari moja ambayo wengi wao huilipa kwa miili yao: zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe, na fundi anayeuvuta hupata homa na kutetemeka jioni yake, kama mwenye malaria. Zinki isuguliwe kwanza mahali pa kuchomelea, kazi ifanyike nje penye upepo, kisha pale palipochomelewa papakwe rangi.

Ufungaji ni muhimu kuliko hata chuma. Tuseme ncha ya bampa inasukumwa kwa kani sawa na uzito wa kilo 200, na ncha hiyo iko sentimita 25 kutoka kwenye vifungio. Kama kifungio cha juu na cha chini vimeachana sentimita 8 tu, kila kimoja kitabeba kani ya kilo zaidi ya 600. Ukiviachanisha sentimita 30, kani inashuka chini ya kilo 170. Bampa ni lilelile, bolti ni zilezile. Hivyo chagua lenye kifungio cha juu kwenye bomba la mbele la chesesi na cha chini mbali kadiri inavyowezekana, na epuka lile linaloning'inia kwenye bolti za injini peke yake. Bampa la namna hiyo likipigwa, linapeleka pigo kwenye masikio ya kasha la injini, na sikio la aluminiamu likivunjika gharama yake inapita mabampa kadhaa.

Usikubali fundi achomelee bampa moja kwa moja kwenye chesesi. Bomba la chesesi lina ukuta mwembamba, na joto la kuchomelea huacha ukanda dhaifu pembeni ya uchomeleaji. Mtikisiko wa kila siku unaweza kuanzisha ufa hapohapo, na ufa huo ukifichwa na rangi huujui mpaka siku unakatika. Tumia klampu zenye bolti, weka kipande cha mpira kati ya klampu na chesesi ili rangi isikwanguke, na funga kwa nati zenye nailoni ndani, zisizolegea kwa mtikisiko. Baada ya siku chache za kazi, rudi na spana ukazikaze upya.

Kabla hujamlipa fundi, fanya majaribio. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Kaa na mtu mzito nyuma, mruke juu ya shokapu, uone kama tairi la mbele au madigadi yanagusa bampa. Kanyaga breki na gia ukiwa umevaa viatu unavyofanyia kazi, siyo ndala. Kisha, mkiwa wawili, ilazeni pikipiki taratibu ubavuni kwenye ardhi tambarare na uchuchumae uangalie. Bampa liguse chini mbele, kikanyagio au keria iguse nyuma, na kati yake ibaki nafasi ambamo mguu wa mtu unaweza kukaa bila kubanwa na injini. Nafasi hiyo ndogo ndiyo ulinzi wa kweli ambao bampa linaupa mguu, na unapatikana kwenye kuanguka kwa mwendo mdogo. Kama ubavu wa injini ndio uliotangulia kugusa, bampa hilo umelipia bure.

Milimani hesabu ni nyingine. Kwenye njia za Uluguru, kupandisha Mgeta kufuata kabichi au kurudi na ndizi kutoka Kinole, pikipiki huanguka mara nyingi ikiwa inatembea polepole sana, tairi limeteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa, mzigo umeivuta upande. Hapo bampa linastahili kila shilingi. Gia iliyopinda au leva ya klachi iliyokatika mbali na gereji ni siku nzima iliyopotea na mzigo unaonyauka. Kwa njia hizo ningeongeza kinga za mikono zinazofungwa kwenye ncha za usukani, na bati nene chini ya injini dhidi ya mawe. Vile vigololi vya nailoni vinavyofungwa ubavuni mwa pikipiki za mashindano viache huko kwenye viwanja vya lami. Kwenye makorongo havina kazi. Na madumu yasitundikwe kwenye bampa. Uzito unaoning'inia na kuruka kwenye kila shimo huchosha uchomeleaji mpaka upasuke.

Bampa likishapinda na kunyooshwa kwa nyundo mara ya pili, litupe. Chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa hupoteza uwezo wa kunyumbuka, na kwenye kona zake utakuta nyufa nyembamba kama uzi ukiifuta rangi.

Wanaoujua mguu vizuri zaidi ni madaktari wa mifupa. Mfupa wa muundi umefunikwa na ngozi tu kwa mbele, hivyo ukivunjika hutoboa nje kwa urahisi, uchafu wa barabarani ukaingia, na damu inayoulisha ni chache, kwa hiyo hupona taratibu. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, imehudumia mivunjiko ya wazi ya aina hiyo kwa wingi kiasi cha kuifanyia utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, ukilinganisha vyuma vinavyopitishwa ndani ya mfupa na vile vinavyofungwa nje ya mguu. Kiatu kigumu kinachofunika kifundo na suruali nene havizuii mfupa kuvunjika, ila vinazuia lami kuchuna nyama mpaka kwenye mfupa, na bei yake haiizidi sana ya bampa.

Abiria, kwa upande wake, bampa la mbele halimsaidii kwa lolote. Miguu yake iko nyuma, mmoja karibu na ekzosi, na kichwa chake mara nyingi kiko wazi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna chuma kinachouzwa kwenye duka la spea kinachokaribia takwimu hizo. Kwa pikipiki inayobeba watu kila siku kati ya Mazimbu na Msamvu, fedha za kwanza ningezinunulia helmeti ya pili, yenye kamba inayofunga kweli na saizi inayowatosha wengi, na bampa ningelifunga mwezi unaofuata.