Istilahi za Gitaa la Besi na Uteuzi wa Ala Imfaayo Mpigaji

1. Utangulizi

Afisa utamaduni aandikapo katika fomu ya kuagizia vifaa maneno "gitaa la besi, moja", huwa ametaja ukoo tu, hajataja ala. Muuzaji aweza kumletea gitaa refu au fupi, lenye nyuzi nne au tano, lenye freti au lisilo nazo, na katika hali zote hizo atakuwa ametimiza agizo. Iwapo kikundi kilichokusudiwa hakiwezi kulitumia, fedha zimekwisha toka, na sababu yake ni maneno machache yaliyokosekana kwenye karatasi.

Madhumuni ya makala hii ni kueleza jinsi gitaa la besi lichaguliwavyo kulingana na namna mtu apigavyo, na papo hapo kupendekeza istilahi ziwezazo kumsaidia mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kulitaja gitaa hilo bila utata. Kazi hizi mbili hazitengani. Besi huchaguliwa kwa kuanzia mkononi mwa mpigaji, wala si katika jina lililochorwa kichwani mwa ala. Kadhalika istilahi zake hazina budi kuanzia katika kazi ya kila sehemu, si katika majina ya biashara.

2. Freti na pingili

Gitaa la besi la umeme lilianza kuenea baada ya mwaka 1951, wakati Leo Fender wa California, Marekani, alipotoa sokoni besi aliyoiita Precision. Wapiga besi wengi wa wakati huo walitumia besi kubwa ya kusimama, ile ambayo hadi leo huonekana katika vikundi vya taarabu vya Unguja. Besi kubwa haina freti: mpigaji huitafuta noti kwa sikio na kwa mazoea ya mkono. Fender alitia freti shingoni, na kila noti ikapata mahali pake hasa. Ndiyo maana ya jina lile, yaani usahihi.

Katika bendi za dansi magitaa hugawanywa kuwa la solo, la rithimu na la besi. Neno besi limekwisha zoeleka, na hatuna sababu ya kuliondoa. Upungufu uko katika sehemu za ala.

Freti ni vijiti vya chuma vilivyolazwa kukingama shingo. Hata hivyo, mwalimu amwambiapo mwanafunzi "weka kidole kwenye freti ya tatu", hakusudii juu ya chuma, bali katika nafasi iliyo nyuma yake. Mwanafunzi mtiifu ataweka kidole juu ya chuma na kupata sauti iliyofifia. Kiswahili kina njia ya kuondoa kasoro hii. Mua huwa na mafundo, na baina ya fundo na fundo pana pingili. Tunapendekeza chuma kiendelee kuitwa freti, na nafasi iliyo baina ya freti mbili iitwe pingili. Mwalimu aseme, "bonyeza pingili ya tatu, karibu na freti yake."

3. Urefu wa uzi

Uzi hutetema baina ya vituo viwili. Kimoja ni kipande chenye mifuo, kilicho mahali shingo ikutanapo na kichwa. Hiki chafaa kuitwa kizingiti. Kingine ni daraja, lililokazwa juu ya kiwiliwili. Umbali baina ya kizingiti na daraja uitwe urefu wa uzi. Usichanganywe na urefu wa gitaa zima, ambao hautuelezi lolote juu ya upigaji.

Besi nyingi zina urefu wa uzi wa inchi 34, yaani milimita 864 hivi. Hizi tuziite besi ndefu. Besi fupi huwa na inchi 30 hivi, yaani milimita 762. Tofauti hiyo ina matokeo mawili. Kwanza, pingili ya kwanza ya besi ndefu ina upana wa milimita 48 na ushei, hali ile ya besi fupi ina milimita 43 hivi. Mwenye vidole vifupi huihisi tofauti hii katika dakika za mwanzo. Pili, uzi ule ule ukifikishwa kwenye sauti ile ile huhitaji mkazo uliozidi kwa asilimia 28 katika besi ndefu. Mkazo huo huufanya uzi mnene utoe sauti bayana zaidi, lakini huuchosha mkono usiozoea.

Kwa hiyo besi fupi huwafaa wanafunzi wa shule na watu wenye mikono midogo. Hata hivyo isidhaniwe kuwa ni chombo cha watoto. Paul McCartney wa kikundi cha Beatles alijulikana kwa besi fupi ya Höfner yenye umbo la fidla.

Hapa yafaa kuonya juu ya maneno "uzi wa juu" na "uzi wa chini". Gitaa likishikwa, uzi ulio juu, karibu na uso wa mpigaji, ndio wenye sauti ya chini kuliko zote. Mwanafunzi na mwalimu wanaweza kutumia neno moja kwa nyuzi mbili tofauti. Tuseme uzi mnene na uzi mwembamba: katika besi ya nyuzi nne, uzi mnene hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na uzi mwembamba mara 98. Besi ya nyuzi tano kwa kawaida huongezwa uzi mnene zaidi, utetemao mara 31 hivi. Anayeihitaji ni yule ambaye nyimbo zake zashuka hadi huko. Asiyeihitaji atakuwa amejiongezea uzi wa kuzuia usilie ovyo.

4. Kinasa mtetemo

Chini ya nyuzi hukaa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma utetemapo, huusumbua uga wa sumaku, na mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya na kwenda kwenye kikuza sauti. Wanamuziki wengi hukiita kifaa hiki pikapu. Ubaya wa neno hilo ni kwamba kwa watu wengi pikapu ni gari la mizigo, na mhasibu aonaye "pikapu mbili" katika hati ya madai ana haki ya kushtuka. Wengine wangependa kinasa sauti, lakini jina hilo limekwisha chukuliwa na mashine ya kurekodia. Aidha, kifaa chenyewe hakinasi sauti bali mwendo wa uzi. Tunapendekeza kinasa mtetemo.

Mahali kilipo ndipo penye maana kwa mnunuzi. Karibu na shingo uzi huyumba sana, na sauti ipatikanayo ni nene na nzito. Karibu na daraja uzi huyumba kidogo, na sauti huwa kavu na yenye makali. Besi yenye vinasa mtetemo viwili humwezesha mpigaji kuchanganya sauti hizo.

Zipo pia besi zenye kikuzaji kidogo ndani yake, kiendeshwacho kwa betri, mara nyingi ya volti 9. Wafasiri wasishawishike kuziita "besi hai", na zile nyingine "besi tuli", kwani msomaji atadhani hizo za pili hazilii. Tuseme besi ya betri na besi isiyo na betri. Majina haya yana faida ya kumkumbusha mnunuzi kwamba besi nyingi za betri hunyamaza betri iishapo.

5. Mkono wa mpigaji

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini majembe yote hushikwa kwa namna moja, ilhali besi haishikwi hivyo. Kitenzi kucharaza, kitumikacho kwa gitaa lolote, hakitoshi kueleza tofauti zifuatazo:

(a) Kudonoa. Mpigaji hudonoa nyuzi kwa kidole cha shahada na cha kati. James Jamerson, aliyepiga katika rekodi nyingi za Motown huko Detroit katika miaka ya 1960, alitumia kidole cha shahada peke yake, na nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma. Nyuzi za utepe ni laini kwa kidole, na sauti yake ni nene na fupi. Zile zilizozungushiwa waya mviringo hukwaruza kidogo, nazo hulia kwa muda mrefu na kwa ukali zaidi.

(b) Kupiga kwa risha. Risha ni neno litumikalo kwa kidude cha kupigia udi, na hakuna sababu ya kutafuta jingine. Risha huanzisha noti kwa mgoto mkali. Apendaye namna hii aweza kutumia hata besi fupi na bado akasikika bayana.

(c) Kugonga na kufyatua. Kidole gumba huugonga uzi mnene, na kidole kingine huuvuta uzi mwembamba na kuuachia urudi shingoni kwa kishindo. Larry Graham wa Marekani ndiye aliyeieneza namna hii. Alianza kuitumia alipokuwa akipiga pamoja na mama yake bila mpiga ngoma. Mpigaji huyu ahitaji nafasi pana baina ya nyuzi na nyuzi za waya mviringo.

(d) Kutelezesha. Kidole huteleza shingoni kutoka noti hadi noti bila kukatizwa. Hii ndiyo kazi ya besi isiyo na freti, ambayo Jaco Pastorius aliipatia sifa kubwa katika miaka ya 1970. Mpiga udi au fidla hataiona ngeni, kwa kuwa ala hizo nazo hazina freti. Anayeanza kujifunza asinunuliwe hii.

6. Majina ya biashara

Mwaka 1960 Fender alitoa besi nyingine iitwayo Jazz Bass, yenye vinasa mtetemo viwili na shingo iliyo nyembamba zaidi penye kizingiti. Mfasiri akiandika "besi ya jazi" atapotosha mara mbili. Kwanza, besi hiyo hupigwa katika muziki wa kila aina. Pili, katika Afrika ya Mashariki neno jazi lina historia yake: Morogoro Jazz, Tabora Jazz na NUTA Jazz zilikuwa bendi za dansi. Msomaji ataelewa kuwa ni besi ya bendi za namna hiyo. Jina la biashara liachwe kama lilivyo, na sifa za ala zielezwe kwa istilahi.

7. Hitimisho

Agizo tulilolitaja mwanzoni laweza sasa kuandikwa hivi: "Gitaa la besi, moja, nyuzi nne za waya mviringo, urefu wa uzi inchi 30, lenye freti, vinasa mtetemo viwili, lisilo na betri, kwa wanafunzi wapigao kwa kudonoa." Maneno hayajafika thelathini, na muuzaji hana tena nafasi ya kukisia.

Istilahi zilizopendekezwa hapa ni pingili, kizingiti, urefu wa uzi, uzi mnene na uzi mwembamba, kinasa mtetemo, nyuzi za utepe na nyuzi za waya mviringo, pamoja na vitenzi vinne vya upigaji. Hazitakuwa na uzito wowote hadi zitamkwe mazoezini. Walimu wa muziki wazijaribu mbele ya wanafunzi wao, na pale mpigaji atakapokuwa na neno lililo bora zaidi, neno lake ndilo lipokelewe.