Neno 'gereza' na kumbukumbu za Ngome ya Yesu

Mgeni akiingia Ngome ya Yesu, pale Mji wa Kale Mombasa, huonyeshwa mizinga, kuta nene na mabaki ya meli ya Kireno, Santo António de Taná, iliyozama karibu na ngome hiyo mwaka wa 1697. Mimi mwanaisimu huvutiwa zaidi na kitu kisichoweza kuwekwa kabatini: neno gereza.

Leo gereza ni pahali pa kufungia wahalifu. Lakini hebu tujiulize: mbona kule Kilwa Kisiwani ngome kongwe iliyo ufuoni huitwa Gereza?

Wanaisimu wengi wanalihusisha neno hili na igreja ya Kireno, yaani kanisa. Wareno walianza kujenga ngome ya Mombasa mwaka wa 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ndani yake wakaweka kanisa. Jina la kanisa likahamia kwenye jengo zima lililolizunguka. Gereza likawa ngome. Kisha ngome za pwani zikaanza kutumiwa kufungia watu, na gereza likawa jela. Neno moja, maana tatu.

Ngome ya Mombasa imeyapitia yote hayo. Waomani waliitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu. Waingereza wakaifanya jela mwaka wa 1895, nayo ikabaki hivyo hadi 1958. Ndipo, kwa ufadhili wa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno na baada ya uchimbuzi ulioongozwa na mwanaakiolojia James Kirkman, makumbusho yakafunguliwa mwaka wa 1960.

Sasa tulitazame neno makumbusho. Limetokana na kumbusha, wala si kumbuka tu. Maana yake yupo anayekumbusha na yupo anayekumbushwa. Tukikumbushwa makamanda na mizinga pekee, tutawasahau wale waliofungwa humo kwa zaidi ya miaka 60, na hao wako karibu nasi zaidi kuliko Mreno yeyote.

Basi mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake Ngomeni asiishie kwenye mizinga. Awaulize pia: wafungwa walilala wapi? Wakikosa pa kuanzia, waanzie kwenye neno gereza lenyewe.