Land Rover 109 Imechoka: Uifungue Injini Yake au Uweke ya Toyota?



Soko la tumbaku likiisha, simu ninazopigiwa hubadilika. Mei hadi Julai watu wananiuliza madaraja na malipo. Ikifika Agosti wananiuliza ile fedha waiweke wapi. Mwaka huu swali moja limejirudia mara tatu, na halihusu mbegu wala mbolea. Linahusu Land Rover 109, ile "mia na tisa" ambayo bado inabeba kuni, magunia na mizinga ya nyuki huku kwetu.

Mzee mmoja ninayemhudumia upande wa Urambo, karibu na ile njia ya zamani ya misafara kuelekea Ujiji, anayo ya dizeli, Series III. Injini ni ileile aliyoikuta nayo. Namba iliyogongwa kwenye bloku na namba iliyo kwenye kadi ni moja. Sasa asubuhi haiwaki mpaka isukumwe, inatoa moshi, na mlango wa nyuma umepakwa oili. Kijana wake aliyeko Dar es Salaam anamwambia: "Baba, hiyo tupa. Nakutumia injini ya Hiace, 3L, unasahau shida." Fundi wa kijijini anasema tufungue. Mzee akanigeukia: "Bwana shamba, wewe umesoma. Nifanyeje?"

Nimesoma kweli, lakini nilisoma stashahada ya kilimo, si magari. Ningeweza kumwambia hivyo nikaondoka. Tatizo ni kwamba swali hili nilishawahi kulijibu huko nyuma, tena vibaya. Mkulima mwingine aliniuliza, nikamjibu bila kufikiri: weka Toyota, spea zake zipo kila duka. Akaweka. Ile sahani ya chuma inayounganisha injini ngeni na gia boksi ya Land Rover ilichongwa kwa kukisia, kwa hiyo shafti inayoingia kwenye gia boksi haikukaa katikati. Ilitembea vizuri Oktoba, ikatembea Desemba. Februari, majani yameiva shambani na bani linadai kuni, gia boksi ikasaga. Alihangaika na mkokoteni wa ng'ombe, na majani mengi yakaungulia shambani. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo safari hii nilikaa na fundi, nikauliza, nikashika tochi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza: imekufa kweli?

Injini nyingi zinazoitwa zimekufa zina ugonjwa mdogo. Dizeli hii ya lita 2.25 (sentimita za ujazo 2,286) inahitaji plagi za kupashia moto kabla ya kuwaka. Kwenye Series plagi hizo nne zimeungwa kwa mfululizo, kama taa za Krismasi: moja ikiungua, zote zinanyamaza. Mtu anasukuma gari mwaka mzima kwa sababu ya plagi moja na waya ulioota kutu. Ya mzee, plagi ya tatu ilikuwa imekufa. Tulipoibadilisha iliwaka kwa ufunguo. Ndiyo, bado ilitoa moshi, lakini iliwaka.

Moshi nao una lugha yake. Mweusi unaelekea kwenye nozeli, pampu ya dizeli au filta ya hewa iliyoziba. Wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi au gaidi za valvu. Mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, kagua maji, maana hedi za injini hizi zinajulikana kwa kupata ufa. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji yamekutana na oili. Halafu iwashe ukiwa umekiacha wazi. Ikipumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda kichuguu mbio, gesi zinapita pembeni ya pistoni.

Baada ya hapo fundi apime kompresheni silinda zote nne. Iliyo chini atie kijiko kimoja cha oili na kupima tena. Ikipanda, ugonjwa uko kwenye ringi na silinda. Isipopanda, uko kwenye valvu au gasketi, na hapo pengine unafungua hedi peke yake. Mzee alikuwa na mbili chini, na zote zilipanda kwa oili. Hapo tukajua bloku lazima ifunguliwe.

Kuifungua: micromita ndiyo inayoamua

Watu wananiambia "injini imechoka", nami nawauliza imechoka kwa kiasi gani, wananyamaza. Kuchoka kunapimwa. Krenki ya injini hii inaweza kuchongwa na kuwekewa beringi za namba 10, 20, 30, mwisho 40, yaani elfu za inchi. Silinda nazo zinapanuliwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, na zikipita kipimo zinavalishwa slivu ili zirudi saizi ya mwanzo. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni moja: imebaki hatua ngapi? Krenki iliyoko namba 10 ina maisha mbele yake. Iliyofika 40 imemaliza, utatafuta nyingine.

Jambo jingine la kuangalia karteri ikishashushwa ni idadi ya beringi kubwa za krenki. Injini za zamani zina tatu. Kuanzia 1980 kiwanda kiliweka tano, kwa sababu zile za beringi tatu zilikuwa na tabia ya kukata krenki zikifanyishwa kazi nzito. Ukikuta tano, una sababu zaidi ya kuifufua. Ukikuta tatu, mwambie fundi apeleke krenki ikakaguliwe ufa kabla hujanunua hata gasketi moja.

Ya mzee ilikuwa na tano. Krenki ilikuwa 20, ikaenda 30. Bloku ikahitaji slivu. Hedi haikuwa na ufa, ikasagwa kidogo tu na valvu zikakaa upya. Mafundi kazi hii yote wanaiita ovahoo, na nawaonya: kuna ovahoo na kuna kubadilisha ringi. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika umbo la yai ni sawa na kupanda mbegu bora kwenye shamba la mchwa. Ukiambiwa bei rahisi kuliko wengine, uliza kama bloku itakwenda kwenye mashine au itabaki chini ya mwembe.

Na usisahau filta ya hewa. Ile ya Land Rover ni bakuli lenye oili, na vumbi letu la kiangazi halina huruma. Kama mpira unaotoka kwenye filta umepasuka, injini mpya inakunywa mchanga na mwakani mtarudi palepale. Mpira huo ni vitu vya fedha ndogo kabisa, nimeona umefungwa kwa kamba ya katani.

Kuweka nyingine: gari linakubali?

Sitaki nionekane naichukia Toyota. Hoja ya yule kijana ina uzito: Hiace zimejaa, spea za 3L utazipata Tabora mjini, Nzega, Urambo, na mafundi wanaijua kama mfuko wao. Spea nzuri za Land Rover ya zamani wakati mwingine zinaagizwa mbali na unasubiri.

Lakini unaponunua injini ya mtumba unanunua historia ya gari usilolijua. Nayo itapimwa kompresheni, nayo pengine itataka ringi. Ina mkanda wa taiming ambao haujui umetembea kilomita ngapi, na ukikatika unavunja valvu. Injini ya zamani ya Land Rover inatumia cheni. Halafu kuna ile sahani ya kuungia, vishikio vya injini kwenye chesi, rejeta, ekzosi. Kila kimoja kinachongwa mara moja kwa gari lako tu. Kikiharibika porini hakuna duka lenye spea yake, sasa ile faida ya spea kila duka imeishia wapi?

Na nguvu inapita mahali. Injini ya mwanzo ina farasi kama 62. Ukiweka yenye nguvu nyingi zaidi, gia boksi, shafti za ekseli na breki za dramu bado ni zilezile za zamani. Wengine wanataka kuweka na gia boksi ya Toyota moja kwa moja, wakisahau kwamba kwenye Land Rover transfa imeshikana na gia boksi. Ukiitoa bila mpango umeondoa uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, na Machi kwenye mbuga ya udongo mweusi ndipo utajua ulikuwa unalipia nini.

Kama bloku imepasuka na lazima ubadilishe, mimi ningetafuta ndani ya ukoo uleule. Dizeli ya lita 2.5 iliyotoka 1984 inakaa pale injini inapokutana na gia boksi ileile. 200Tdi nayo inaingia kwa marekebisho madogo, ina turbo, ila dereva awe na adabu na mguu wake. Hata 2.25 ya petroli inakaa, ukikubali kulisha tanki.

Urambo wenyewe una kumbukumbu ya mashine za mtumba. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulikuwa na maeneo matatu: Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Walikusanya matrekta yaliyotumika ya masalia ya vita, na wakageuza hata vifaru aina ya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mengi ya matrekta hayo yaliharibika mapema, spea na mafundi hawakutosha, na mpango ukavunjika. Tumbaku ilikuja baadaye. Wale walikuwa na fedha ya serikali, wewe una fedha ya soko moja.

Wakati ni huu

Gari la mkulima wa tumbaku lisiguswe Januari hadi Machi. Fungua injini Agosti, mara baada ya malipo, ili Oktoba iwe imerudi na Novemba ikute makosa madogo yamesharekebishwa. Kama hela haitoshi kazi yote, subiri, funga plagi, badilisha oili mapema, beba nusu mzigo. Ukifungua kisha ukaishiwa, bloku itakaa karakana, vitu vitapungua kimoja kimoja, na mwishowe unauza chesi.

Ukibadilisha injini, namba mpya ipelekwe TRA iingizwe kwenye kadi, na risiti ya ulikoinunua uitunze. Siku ya kuuza gari, au siku ya kusimamishwa barabarani, namba ya bloku isiyolingana na kadi ni maneno marefu. Injini ikifufuliwa, namba inabaki ileile.

Wenye Massey Ferguson 135 msichukue maneno haya yote mkayahamishia kwenye trekta. Kwenye trekta hilo hakuna chesi inayobeba injini. Injini yenyewe ndiyo mgongo: mbele imeshika ekseli, nyuma imeshika klachi na gia boksi. Ukiweka ngeni isiyolingana, trekta linakatika katikati. Uzuri wake, Perkins ya silinda tatu iliyomo humo ilifungwa pia kwenye MF 240, kwa hiyo ya kubadilisha ipo. Nitaliandikia makala yake.

Mzee alichagua kuifufua. Kijana wake alinuna wiki mbili, kisha akatuma hela ya pistoni. Sehemu za mashine zilifanyika Mwanza, kufunga kulifanyika nyumbani, chini ya turubai, na fundi alikatazwa kukaribisha wageni siku ya kufunga krenki.

Sasa iko kwenye kuzoeshwa. Kilomita 1,000 za mwanzo hakuna mzigo mzito, hakuna kukaba mafuta mpaka mwisho, na oili ya kwanza imemwagwa mapema maana inakuwa na unga wa chuma. Hedi imekazwa upya. Kawaida 109 inabeba karibu tani moja, mzigo wa wapagazi 30 wa zamani kwa hesabu ya frasila mbili kila mtu, lakini kwa sasa mzee anapakia mizinga kumi tu na kwenda nayo porini polepole.

Juzi kijana alipiga simu akauliza kama inapanda mlima. Mzee akamjibu, "Urambo mlima uko wapi?"