Urithi wa Shkuba katika barabara ya Tunduma

Heroini, dawa ya kulevya inayotokana na utomvu wa mmea wa afyuni na ambayo mitaani huitwa unga, haitengenezwi mkoani Songwe, Tanzania, lakini mji wake wa Tunduma, ulioshikana na Nakonde ya Zambia, umekaa juu ya mojawapo ya barabara kuu zinazounganisha mwambao wa Bahari ya Hindi na kusini mwa Afrika. Kwa hiyo sifa mbaya ya mtuhumiwa wa biashara hiyo Ali Khatib Haji Hassan, anayejulikana zaidi kwa jina la Shkuba, haiwahusu watu wa Lindi na Dar es Salaam peke yao.

Mnamo Januari 2012 kilo 210 za heroini zilikamatwa Lindi, na Februari 2014 Shkuba akatiwa mbaroni kuhusiana na shehena hiyo. Machi 2016 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimweka katika orodha yake ya vigogo wa dawa za kulevya, hatua inayozuia mali zote za mhusika zilizo chini ya mamlaka ya nchi hiyo na kuwakataza raia wake kufanya naye biashara, ikimtuhumu kuongoza mtandao uliopata kokaini kutoka Amerika Kusini na heroini kutoka kusini-magharibi mwa Asia. Mwaka 2017 alikabidhiwa Marekani. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu shehena ya Lindi ikamatwe, na jambo hilo linauma, kwa kuwa unga uliokamatwa katika ardhi ya Tanzania ulikuwa umetishia kwanza vijana wa Tanzania.

Itakuwa ni kumkweza isivyostahili kudai kwamba Shkuba ndiye aliyeipa nchi sheria mpya, lakini haikanushiki kwamba mitandao ya aina yake ilianika udhaifu wa mfumo uliowekwa na sheria ya 1995, ambao ulikuwa na Tume ya kuratibu shughuli za vyombo vingine bila kuwa na nguvu ya kukamata. Sheria ya 2015 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, chombo chenye uwezo wa kupekua, kukamata na kuchunguza, na marekebisho ya 2017 yakaongeza ukali wa adhabu. Ndivyo biashara iliyoangamiza watu ilivyoiachia dola zana ambazo ilipaswa kuwa nazo mapema.

Hata hivyo njia yenyewe haikufa. Majahazi hutoka pwani ya Makran, iliyoko Iran na Pakistan, na kushusha mzigo kwenye boti ndogo karibu na mwambao wa Afrika Mashariki, kisha sehemu ya mzigo huo husafirishwa kwa nchi kavu kuelekea Afrika Kusini. Hapo ndipo ugumu wa Tunduma unapoonekana, kwa sababu malori yaleyale yanayobeba shaba, mafuta na mbolea, na ambayo yanawalisha madereva, matingo, mawakala wa forodha na mama lishe, yanaweza kuficha pakiti chache zenye thamani kuliko shehena nzima. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019 ili gari likaguliwe mara moja na maofisa wa nchi zote mbili, kilijengwa kupunguza foleni, na ni haki kwamba kilijengwa. Lakini ukaguzi wa kweli unahitaji muda, na pembeni mwa kituo bado kuna njia za panya.

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa namna inayofanana. Kigogo wa dawa za kulevya Ibrahim Akasha aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000, wanawe wakaendeleza biashara kutoka Mombasa, na baada ya kupelekwa Marekani Januari 2017, mmoja wao, Baktash, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2019. Majina makubwa yalikuwa yameondolewa pande zote mbili za mpaka wa kaskazini wa Tanzania, lakini Desemba 2023 Mamlaka ya Tanzania ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini, kichangamshi kinachotengenezwa kwa kemikali, katika operesheni iliyofanyika Dar es Salaam na Iringa. Iringa iko kwenye barabara ileile iendayo Tunduma.

Urithi mwingine hauonekani katika majalada ya mahakama. Mahali unga unapopita, baadhi ya wabebaji hulipwa kwa unga wenyewe, nao huugawa katika kete na kuuza jirani, hivyo mji wa kupitishia hupata watumiaji wake. Tiba ya methadoni, dawa inayotuliza arosto na ambayo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya, ilianza Muhimbili mwaka 2011 na kufika Mbeya mwaka 2017, mwaka uleule Shkuba alipovushwa bahari kwenda kushtakiwa. Mraibu wa Tunduma aliyetaka kuifuata Mbeya wakati huo alikuwa na takriban kilomita 100 za kwenda na nyingine za kurudi, kila siku.