Sigara Moja Mkononi mwa Mtoto

Siku ya gulio hapa Didia, mtoto wa miaka tisa hivi alifika dukani na sarafu kiganjani. Aliamkia kwa adabu, akaomba sigara moja ya baba yake. Muuzaji akampa, na njiti mbili za kiberiti juu yake. Hakuna aliyeshtuka. Nami niliyekuwa pale nikingoja chumvi sikutamka neno, na kwa hilo najilaumu.

Ndugu wasomaji, Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku tunayo tangu mwaka 2003, nayo inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia pia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya jambo hilo. Anayekosekana ni wa kuisimamia sheria gulioni. Aghalabu kiongozi anayetazamiwa kufanya hivyo naye humkuta barazani akipuliza moshi.

Katika ukanda huu wa dhahabu, kutoka Shinyanga hadi Geita, sigara haiui peke yake. Mchimbaji mdogo hushinda duarani akivuta vumbi la mwamba, vumbi linaloharibu mapafu na kukifungulia mlango kifua kikuu. Akipanda juu, pumziko lake ni sigara, ambayo nayo huuzidisha ugonjwa ule ule. Akikohoa husema ni vumbi. Akikohoa damu, husema karogwa. Dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali, lakini tiba huchukua miezi kadhaa, na mtu huyu huhama kila isikikapo dhahabu mpya.

Nanyi ndugu wa Ukerewe na visiwa vingine vya ziwa, msidhani haya ni ya mashimoni tu. Katika dago la wavuvi sigara moja hupita midomo mitano.

Hatumtukani mkulima wa Kahama au Urambo, ambaye tumbaku ndiyo karo ya wanawe. Mkataba wenyewe unazitaka serikali zimsaidie kupata zao jingine, na maafisa wa kilimo wanapaswa kueleza wamefika wapi.

Lakini la dukani halingoji zao jingine. Ofisi ya kata inaweza kuwaita wenye maduka wiki hii hii, ikawasomea sheria kwa Kiswahili na Kisukuma. Gulio lijalo nitasimama tena pale penye chumvi.